Kunyimwa kibali cha bastola kusifanywe hatia

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni mkaazi wa kudumu nchini Marekani na hufanya kazi ya zamu ya usiku katika jimbo la New Jersey, ameniandikia akitaka nimfafanulie kitenzi kimoja. Hakuniuliza sheria, maana anajua mimi si wakili. Alikuwa akijaza fomu ya kuomba ruhusa ya kubeba bastola iliyofichwa mwilini, akakumbana na swali linalouliza kama amewahi, katika jimbo hilo au jingine lolote, kuwa na kadi, kibali au ombi lolote la silaha ambalo lilikataliwa au kufutwa. Mnamo 2019, alipokuwa akiishi New York, aliomba kibali cha aina hiyo na hakimu wa kaunti akamnyima. Hakupatikana na kosa lolote. Aliambiwa tu kwamba hakuonyesha sababu mwafaka. Je, akijibu "ndiyo", atakuwa amejichongea? Na akijibu "la", kwa kuwa sharti lililomwangusha limekwisha kutupiliwa mbali na mahakama, atakuwa amesema uongo?

Nilimjibu kwamba hana budi kuandika "ndiyo" na kueleza. Fomu haiulizi kama alinyimwa kwa haki, inauliza kama alinyimwa. Anayetoa habari za uongo kwa kujua katika fomu ya silaha ya New Jersey hutenda jinai, na hapo ndipo kunyimwa kusiko na aibu yoyote kunapozaa kunyimwa kwa pili ambako aibu yake ni ya kweli. Lakini jibu hilo halikuniridhisha mimi mwenyewe, kwa sababu swali lenyewe limeundwa vibaya, na ubaya wake ni wa lugha kabla ya kuwa wa sheria.

Kiswahili chetu hakituruhusu kuchanganya mambo haya kwa urahisi. Anyimwaye hakuwa nacho kitu, na huenda aliyemnyima ndiye mwenye choyo. Apokonywaye alikuwa nacho kisha akatenda, au akadaiwa kutenda, jambo lililomfanya akipoteze. Kati yao yupo aliyeondoa ombi lake kabla ya uamuzi kutolewa, na yupo aliyerudishiwa karatasi kwa kuwa hakuambatanisha stakabadhi fulani. Fomu inayowakusanya watu hawa chini ya neno "ndiyo" moja, kisha ikawaachia nafasi finyu ya kujieleza, inamlazimisha karani asomaye ajaze pengo kwa dhana. Na dhana huwa ni ile ya wahenga, kwamba lisemwalo lipo.

Yafaa msomaji wa hapa nyumbani aelewe jinsi mambo yalivyo kule. Nchini Kenya, anayetaka bastola hushughulikiwa na bodi moja ya leseni kwa nchi nzima. Marekani haina bodi kama hiyo. Kila jimbo lina sheria yake, na mengine yameachana kabisa na kibali: Vermont haijawahi kukidai, na kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yakiwaruhusu watu wazima wasiozuiwa na sheria kubeba bastola iliyofichwa bila karatasi yoyote. Juu ya majimbo ipo sheria ya serikali kuu inayoorodhesha wasioruhusiwa kumiliki silaha popote: waliopatikana na hatia ya jinai inayoweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, waliohukumiwa kwa kuwapiga jamaa zao nyumbani, walio chini ya amri fulani za mahakama za kuwakinga wenzi wao, watumiaji wa dawa za kulevya, na wengineo. Katika orodha hiyo hakuna pahali palipoandikwa "aliyewahi kunyimwa kibali na jimbo jingine".

Kwa hivyo, kunyimwa hakusafiri kwenyewe. Kinachosafiri ni sababu. Kama ombi lilikataliwa kwa kuwa mwombaji ana hukumu ya jinai, hukumu hiyo hufuatana naye mpaka Texas na Alaska, na aghalabu huonekana katika mtambo wa ukaguzi wa shirika la FBI ambao umekuwa ukitumika tangu Novemba 1998. Kama alinyimwa kwa kuwa ofisa hakuvutiwa na maelezo yake, mtambo huo hauna la kusema. Hapo ndipo fomu zinapoingia: majimbo kadhaa, New Jersey na Massachusetts yakiwamo, humwuliza mwombaji mwenyewe, na jibu lake huwa mezani mwa ofisa mwenye nafasi ya kupima tabia yake.

Sasa tutazame sababu zenyewe zilivyokuwa. New York, kwa sheria yenye asili yake katika mwaka 1911, ilidai "sababu mwafaka". California ilidai "sababu nzuri". Maryland ikataka sababu "nzuri na nzito". New Jersey ikataka "haja ya haki". Kwa macho ya mwanaisimu, haya si masharti bali ni vyombo vitupu ambavyo kila hakimu na kila mkuu wa polisi alivijaza kwa kadiri ya hisia zake. Mtu mmoja aliweza kukubaliwa katika kaunti moja na kukataliwa katika kaunti ya pili, bila yeye kubadilika hata ukucha. Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumtaka raia wa kawaida athibitishe haja ya pekee inayomtofautisha na umma. Kesi hiyo ilihusu wakaazi wawili wa New York, Robert Nash na Brandon Koch, waliokuwa wamepewa vibali vya kuwindia na kulengea shabaha lakini wakanyimwa ruhusa kamili ya kujihami. (Nami najiuliza watu kama hawa wajibu nini katika fomu: walikubaliwa au walikataliwa?) Ikiwa kipimo kilichotumiwa kilikuwa kinyume cha Katiba, sioni kwa nini matokeo ya kipimo hicho yaendelee kumfuata mtu kama kivuli anapohamia jimbo jingine.

Historia ina mfano mzito zaidi. Tarehe 30 Januari 1956, nyumba ya Martin Luther King ililipuliwa kwa bomu mjini Montgomery, Alabama, wakati wa mgomo wa mabasi. Mwaka huo huo aliomba kibali cha kubeba bunduki iliyofichwa. Alikataliwa. Kama kulikuwa na mtu katika jimbo zima aliyekuwa na sababu mwafaka, ni yule ambaye ukumbi wa nyumba yake ulikuwa bado unanuka baruti. Lakini wenye kukadiria sababu walikuwa ndio wale wale waliomchukia. Baadaye aliacha silaha kwa hiari yake akashika njia ya amani, akatunukiwa Nishani ya Nobeli mwaka 1964. Hebu tumfikirie akikabidhiwa fomu yenye swali lile. Angelazimika kuandika "ndiyo", na "ndiyo" hiyo isingesema lolote kumhusu yeye. Ingewasema waliomnyima.

Nisieleweke kama mtetezi wa bastola. Mimi binafsi naamini mji wenye silaha chache mifukoni ni mji ulio salama zaidi, na sina hamu ya kuona mjadala wa Marekani ukiletwa Nairobi. Isitoshe, wanaotaka kunyimwa kuheshimiwe kila mahali wana hoja isiyoweza kupuuzwa. Kwa miaka mingi wakaazi wa Philadelphia walionyimwa au kufutiwa vibali na polisi wao waliandika barua Florida, wakapata kibali cha huko, kisha wakatembea nacho Philadelphia kwa ulinzi wa mapatano ya majimbo hayo mawili. Mwezi Februari 2013, Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania, Kathleen Kane, aliuziba mwanya huo kwa kubadili mapatano ili kibali cha Florida kitambuliwe kwa mkaazi wa Florida tu. Utah nayo, tangu 2011, humtaka mgeni atokaye katika jimbo linalokubali kibali cha Utah awe kwanza na kibali cha kwao. Aliyekataliwa nyumbani basi hawezi kupitia mlango wa nyuma. Mwanamke aliyempeleka mumewe mahakamani kwa vitisho ana haki ya kutarajia kwamba mpaka wa jimbo hautamtakasa mume huyo.

Lakini angalia walivyofanya Virginia baada ya mvutano mkubwa wa kisiasa kuishia katika mapatano ya 2016. Sheria ya jimbo hilo hukitambua kibali cha jimbo jingine, ila kwa mtu ambaye kibali chake cha Virginia kiliwahi kufutwa. Kufutwa, si kunyimwa. Waliotunga kifungu hicho waliona tofauti ambayo fomu za majimbo mengine zinaimeza. Ningependa kila jimbo lifuate mkondo huo: liulize ni nani aliyekataa, mwaka gani, na kwa kifungu kipi cha sheria. Sababu ikiwa ni hatari iliyothibitishwa mahakamani, ipewe uzito wote. Ikiwa ni ofisa kutoridhika, isihesabiwe.

Tatizo halijakwisha kwa uamuzi wa 2022. New York iliondoa "sababu mwafaka" ikabaki na "mwenendo mwema", na sheria yake mpya iliyoanza Septemba mwaka huo ilitaka mwombaji ataje watu wanne wa kumshuhudia. Massachusetts huzungumzia mtu "afaaye". Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ilikubali kwa majaji wanane dhidi ya mmoja kwamba mtu aliyethibitishwa na mahakama kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha, lakini ikakataa hoja ya serikali kwamba mtu anyang'anywe kwa sababu tu si "mwenye kuwajibika". Neno hilo, ilisema, halina mipaka inayojulikana. Nilifurahi kuona majaji wakifanya kazi ya mwanaisimu.

Hapa Kenya tunaijua karatasi tuiitayo cheti cha tabia njema. Jina lake ni kubwa kuliko kazi yake: polisi huchukua alama za vidole na kuangalia kama zipo katika kumbukumbu za wahalifu. Hawapimi tabia ya mtu, wala hawaulizi majirani kama yeye husalimu. Wakenya wanaohamia Marekani hudhani "mwenendo mwema" wa kule ni cheti hicho hicho. Sivyo. Maneno hayo hayo yamo pia katika sheria ya uraia, na uongo uliotiwa saini katika fomu ya bastola unaweza kufukuliwa siku ya kuombea uraia. Walio huko kwa viza ya masomo au ya kutembea wafahamu kwamba sheria ya serikali kuu huwakataza silaha, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Na wale wenye ukaazi wa kudumu waliowahi kukataliwa waitunze barua ya kukataliwa, yenye tarehe na sababu, kama wanavyotunza pasipoti.