Mbio za Simu na Mbio za Uwanjani

Kuna picha inayozunguka kwenye simu za vijana wetu kutoka Majengo hadi Malindi. Inamwonyesha mshambulizi wa Ulaya na maandishi makubwa chini yake: kilomita 45 kwa saa. Mechi haikutajwa, aliyepima hajulikani. Juzi nimeiona tena huku Meru, niliko kikazi, kwenye simu ya kijana wa bodaboda pale Makutano. Alikuwa tayari kula kiapo kwamba ni kweli.

Tufanye hesabu kidogo, ndugu msomaji. Binadamu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa katika mita 100 ni Usain Bolt, sekunde 9.58, Berlin, Agosti 2009. Wastani wake ni kilomita 37.6 kwa saa. Pale kasi yake ilipofika kilele, baada ya mita 60, alikuwa kwenye 44.7 hivi. Basi huyu wa kilomita 45 amempita Bolt, tena akiwa na njumu juu ya nyasi, mpira mguuni na beki amemshika jezi!

Vipimo vyenyewe vipo na havina siri. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, aliyeongoza kwa mbio alikuwa Kamaldeen Sulemana wa Ghana, kilomita 35.7 kwa saa. Kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, Micky van de Ven wa Tottenham alipimwa 37.38 dhidi ya Brentford, Januari 2024, na dunia nzima ikaandika. Hizo ni kasi za kilele, za nukta chache tu. Sasa mchukue Ferdinand Omanyala wetu, aliyekimbia 9.77 Kasarani Septemba 2021. Wastani wake kwa mita zote 100, ukihesabu na kule kuanza akiwa ametulia tuli, ni zaidi ya 36.8. Mwanasoka anayefikia wastani wa Omanyala kwa kufumba na kufumbua tayari ni ajabu ya Mungu. Haja ya kumtilia chumvi haipo.

Chumvi yenyewe huingia kirahisi. Mtu huchukua kasi ya kilele ya mmoja akailinganisha na wastani wa mwingine. Au kifaa cha kupimia kikaruka kidogo, kikaonyesha tarakimu isiyowezekana, na badala ya kufutwa ikapigwa picha. Mwenye ukurasa anataka kubofywa, basi.

Zamani hatukuwa na simu lakini chumvi ilikuwapo. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Frere Town, alituachia ule usemi wa "Kadenge na mpira", na wazee wetu waliokuwa wamezunguka redio walimwona Joe Kadenge akiruka kama swala bila ya kuwa na picha yoyote mbele yao. Sikio lilifanya kazi ya jicho. Mimi utotoni niliambiwa kuna mchezaji aliyefungwa kitambaa chekundu mguuni kwa sababu shuti lake liliwahi kuua kipa. Kila mtaa ulikuwa na jina lake la kuweka hapo. Baadaye wakampachika Roberto Carlos. Lakini itazame tena ile frikiki yake dhidi ya Ufaransa mwaka 1997: kilichomgandisha Barthez ni jinsi mpira ulivyopinda. Nguvu peke yake isingeuzungusha ukuta ule. Hadithi ya kitambaa ilitupokonya ufundi ikatupa ubabe.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa watu wa Pwani. Nikikaa na wapenzi wa mpira wa hapa, karibu na uwanja wa Kinoru, nasikia msemo uleule niliousikia Nairobi: vijana wa Pwani wana chenga, nguvu hawana. Wa mlimani wana mapafu. Meru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na ni kweli kwamba kuishi juu sana husaidia damu kubeba hewa kwa mbio ndefu. Lakini mlima hauzalishi mbio za mita 20, na mpira huamuliwa na hizo. Kocha akienda kuchagua timu na tayari kichwani mwake ana msemo huo, mtoto mwembamba wa Lamu ameshaachwa kabla ya kugusa mpira.

Wiki iliyopita tulipima. Kamba ya mita 30, saa ya simu, vijana tisa. Yule waliyemwita "pikipiki" alitumia sekunde 4.4. Mdogo wao, ambaye hakuna aliyemtaja, alitumia 4.5. Kicheko kilikuwa kikubwa, na "pikipiki" akaomba kurudia.

Mmoja wao aliniuliza kama angetafuna kwanza angepunguza muda. Swali hilo nimelisikia Kisauni pia. Meru ni miraa, Embu ni muguka, na kwetu yote mawili yanashushwa kila siku. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, na Kilifi ikafuata, Rais Ruto alisema amri hizo hazina nguvu kisheria, na mahakama ya Embu ikazisimamisha. Tulibishana sana juu ya ushuru, riziki za wakulima na akili za watoto. Viwanja vyetu vya mchanga hatukuvitaja, ambako majani hayo huuzwa kwa maneno ya "steamu" na "mbio".

Kinachofanyika ni kwamba moyo unadunda zaidi, shinikizo la damu linapanda, njaa na usingizi vinakimbia. Mtu anajihisi mwepesi. Kujihisi si kupimwa. Usiku hakulala, chakula hakula, na saa kumi jioni kwenye joto la Mombasa anadai mwili deni usilo nalo. Tena kathini, iliyomo ndani ya majani hayo, imo kwenye orodha ya shirika la WADA: ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo siku ya mashindano, mchezaji ana kesi ya kujibu. Kijana anayetafuna ili aonekane na maskauti anaweza kuonekana kweli, akafika timu kubwa, na chupa ya kwanza ya mkojo ikamrudisha maskani.