KIDONDA HAKINGOJI ZAHANATI IFUNGULIWE

Ndugu wanaushirika,

Mkutano wetu ujao utazungumzia kununua masanduku mawili ya huduma ya kwanza kwa fedha za ushirika. Nimesikia maneno huko kisimani na mashineni. Wako wanaosema, "Fedha za ushirika ni za mbolea, bendeji ni kazi ya zahanati." Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, sisi ni watu wa jembe, panga na shoka. Mtu hajikati mlangoni kwa mganga. Anajikata shambani, jioni, na zahanati ataikuta imefungwa. Msimu uliopita mwenzetu mmoja alijikata mguu kwa jembe wakati wa palizi. Akaweka ugoro, akafunga kwa kitambaa cha kufutia jasho. Kidonda kikaoza. Kalala wiki tatu, mahindi yakamezwa na majani. Hebu niambieni, mbolea aliyokopa ilimfaa nini?

Pili, ugoro, majivu, mafuta ya taa na samadi si dawa ya kidonda. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kwenye samadi. Ukipaka samadi, umevikaribisha mwenyewe.

Tatu, kufunga kidonda kuna utaratibu wake. Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono au mguu, na usifunue-funue kuchungulia. Mchubuko au mkato mdogo uoshe kwa maji safi na sabuni. Juu yake weka shashi, siyo pamba, maana nyuzi za pamba zinanasa kwenye kidonda. Halafu zungusha bendeji kuanzia chini kwenda juu. Vidole vikipoa, vikivimba au vikifa ganzi, umekaza mno, legeza. Bendeji ikilowa au ikichafuka, badilisha. Plasta ni ya mikwaruzo midogo tu. Aliyeungua amwagiwe kwanza maji ya baridi kwa dakika 20, ndipo afunikwe.

Nyumbani usipokuwa na shashi, chukua kipande cha kanga kuukuu ya pamba, fua, chemsha, anika juani, piga pasi, kihifadhi kwenye mfuko safi. Hiyo haina gharama.

Lakini jamani, sanduku halichukui nafasi ya mganga. Damu isiyokoma, mkato wenye kina, msumari au udongo ulioingia ndani, hapo ni kwenda kutibiwa na kuuliza sindano ya pepopunda.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kusoma, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Wazee wale hawakusema afya ni kazi ya zahanati peke yake.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hivi: sanduku moja likae ghalani, la pili mashineni. Awepo mtunzaji, na kila kitu kinachotolewa kiandikwe kwenye daftari, isije bendeji ikageuka kamba ya kufungia mizigo. Sisi wa kisomo cha watu wazima tutaandika maelezo kwa herufi kubwa, tuyabandike ndani ya kifuniko.

Njooni mkutanini. Anayepinga naye aje, atuambie yeye atafungwa na nini siku akijikata.

Katibu wa Tawi