Nol ya Dubai na Nauli ya Kwetu

Mfanyabiashara wa Mombasa ashukapo katika uwanja wa ndege wa Dubai, mkoba begani na karatasi ya bidhaa alizoagizwa mfukoni, akitaka kwenda Deira kwa treni ya mjini hukuta vijilango visivyopokea noti wala sarafu. Vinataka kadi. Kadi yenyewe huitwa Nol, na hapo, ndugu msomaji, Mswahili ana haki ya kutabasamu. Neno hilo ni letu pia. Ni lile lile la Kiarabu ambalo sisi tulilivika irabu tukaliita nauli, na Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa ni malipo ya chombo cha bahari. Basi hata kabla hajatia mguu garini, mgeni wetu amekwisha kutana na jamaa.

Wakati wa majahazi, vyombo vya Ghuba vilipokuwa vikija kwa kaskazi na tende, vikarejea kwa kusi na boriti za Lamu, nauli ilikuwa ni maneno baina ya mtu na nahodha. Anayejulikana alikuwa na lake, na asiyejulikana alikuwa na lake. Treni ya Dubai haina nahodha, wala hata dereva haina. Ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, saa tatu na dakika tisa za usiku, maana wakubwa wa huko walipendezewa na hizo tisa tisa, na kadi ya Nol ilianza nayo. Tangu hapo kadi hiyo imeenea katika mabasi, katika tramu iliyoanza mwaka 2014, na katika mabasi ya majini.

Sasa tutazame hesabu, kwani msafiri wa biashara huijua thamani ya dirham moja, ambayo kwa viwango vya hivi karibuni ni kama shilingi 35 za Kenya. Mji umegawanywa katika kanda saba. Mwenye kadi ya rangi ya fedha hulipa dirham 3 akisafiri ndani ya ukanda mmoja, 5 akivuka kwenda wa jirani, na 7.5 akizidisha hapo. Tikiti nyekundu, ile ya karatasi ambayo mgeni huuziwa upesi upesi, hutoza 4, 6 na 8.5 kwa safari zile zile. Iko na kadi ya dhahabu, ambayo nauli yake ni maradufu; mwenye nayo huketi behewa la mbele au la nyuma penye viti vya kifahari na kutazama mji kwa raha zake. Ama kweli, hata nauli ina daraja zake.

Mgeni asiyeuliza huchukua nyekundu kwa kuwa ni rahisi, dirham 2 tu juu ya nauli. Kadi ya fedha huuzwa 25, lakini ndani yake mna 19 za kusafiria, kwa hiyo gharama yake hasa ni 6. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba baada ya safari nne zimelingana, na kuanzia ya tano nyekundu inamtia hasara. Tena nyekundu haichanganyi. Iliyonunuliwa kwa treni haipandi basi. Mwenye fedha akishuka treni na kupanda basi kabla ya nusu saa kupita, huhesabiwa safari moja. Na kadi yake hudumu miaka mitano, basi atakayerudi mwakani na aiweke pamoja na pasi yake ya kusafiria. La muhimu ni kuigusisha mlangoni kuingia na kutoka pia. Anayesahau kuigusisha wakati wa kutoka huwa kama aliyezunguka mji mzima, na hukatwa kiwango cha juu. Seuze asiyegusisha kabisa: faini yake ni dirham 200.

Yote hayo, nadhani, yasingetushughulisha sana lau si kwamba sisi nasi tuliwahi kuletewa kadi. Mwaka 2013 Google pamoja na benki ya Equity walitoa ile iliyoitwa BebaPay, zikafuata nyingine, na serikali ikaamrisha kwamba kuanzia Julai 2014 matatu yasipokee fedha taslimu. Siku ikafika ikapita, ikasogezwa hadi Desemba, nayo ikapita. BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Wako waliosema Wakenya hawapendi mambo mapya. Maneno hayo hayana uzito. Watu hao hao wamekuwa wakitumiana pesa kwa simu tangu mwaka 2007, toka mama wa mahamri hadi mwenye duka la jumla.

Kilichokosekana ni nauli yenyewe. Kule Dubai kadi iliikuta bei imekwisha kutangazwa, ikaibeba tu. Kwetu kadi ilitakiwa ibebe kitu ambacho hakuna ajuaye ni kiasi gani. Nauli ya asubuhi si ya adhuhuri. Mvua ikinyesha hupanda, na siku ya kuamkia Idi hupanda zaidi. Dereva na kondakta hawana mshahara wa mwezi. Wana hesabu ya tajiri ambayo lazima ipatikane kabla ya jioni, na kinachozidi ndicho chakula cha watoto wao, baada ya kutoa cha askari wa barabarani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia fedha zote zitaingia katika akaunti ya tajiri, umemwambia alale njaa. Asingeipokea kadi hata ingekuwa ya dhahabu kweli.

Na mwenye kudhani kuwa mashine ndiyo iliyoleta utulivu kule Dubai, na ateremke hadi kwenye khori, baina ya Deira na Bur Dubai, penye abra za zamani za mbao. Sisi tuliozoea kuvuka Likoni kwa miguu bila kulipa kitu tutaona ajabu kidogo kulipia maji membamba vile. Lakini atazame yanavyolipwa. Hapana kijilango wala kadi. Abiria huketi ubavu kwa ubavu juu ya ubao, chombo huondoka kikijaa, na mwenye chombo hunyosha mkono. Ni dirham moja kwa kila kichwa, tajiri na kibarua, mwenyeji na mgeni, jua na mvua. Hakuna anayeuliza bei, na kabla ya kufika ng'ambo kila mtu amekwisha lipa.