Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya mkongo wa Ziwa Tanganyika

Mheshimiwa,

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu, nanunua Kigoma, nauza Kalemie, Kongo. Nakuandikia kuhusu ule mkongo wa intaneti mliotangaza kuupitisha chini ya ziwa kati ya miji hiyo miwili, kwa sababu vitunguu vyangu vimeoza.

Havikuozea njiani. Boti ilivuka salama. Vilioza bandarini Kalemie, hati zikiwa mkononi na pesa ya ushuru mfukoni. "Rezo haiko," kijana wa dirishani la ushuru aliniambia, akimaanisha mtandao, akanigeuzia kompyuta nijionee kiduara kinavyozunguka. Kesho yake, rezo haiko. Magunia ya chini yakaanza kuchuruzika maji, nzi wakajaa, na akina mama wa jumla waliokuja na pesa zao wakanusa, wakaondoka. Mkopo wa kikundi bado naulipa.

Ramani unaijua. Kigoma imefikiwa na Mkongo wa Taifa, unaounganika na nyaya za baharini Dar es Salaam, ambako SEACOM ilitua 2009. Kongo ina waya wa baharini wa WACS pale Muanda, lakini Muanda iko Atlantiki, nchi nzima katikati. Kigoma na Kalemie zinatenganishwa na kama kilomita 120 tu kwa mstari ulionyooka. Ndiyo, kina cha ziwa kinafika karibu mita 1,470, na kulaza waya humo ni kazi ngumu. Kina hicho kilijulikana hata siku mliposimama kutangaza mradi.

Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tukaambiwa soko limefunguka. Soko gani hilo, ikiwa kitunguu kinavuka ziwa na hati yake haivuki? Mkutano wa Jumuiya hauozi, Mheshimiwa. Kitunguu kinaoza.

Na si mkongo peke yake. Sisi wa mwambao huu tumezoea kusikia habari za maendeleo yetu redioni miaka mingi kabla ya kuyaona, na tumechoka.

Tupeni tarehe ya mkongo kufika, iandikwe, ibandikwe bandari zote mbili. Na mpaka waya ufike, kaeni na wenzenu wa Kongo mkubaliane kwamba rezo ikikatika, mzigo unaooza utolewe kwa karatasi na mhuri, ushuru ulipwe taslimu. Msimu wa vitunguu unakaribia, na nahitaji jibu kabla sijanunua.

Mfanyabiashara, Kigoma