Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: ndege za Mafia, marubani wa Kagera

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa niaba ya kikundi kidogo cha watu wanaofuatilia historia ya ndege nchini. Wengi wetu ni wastaafu na walimu, hatuna ofisi wala ruzuku. Ombi letu linahusu jambo ambalo kikundi kama chetu hakina ubavu wa kulifanya, ila Idara yako inao.

Tuanzie Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, rubani John Cull na mwangalizi wake, H. J. Arnold, waliruka kutoka kisiwani kuelekea delta ya Rufiji. Huko ndiko manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikokuwa imejificha baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, Septemba 1914. Manowari mbili za Uingereza, Severn na Mersey, zilikuwa zimeingia mtoni zikifyatua mizinga bila kuiona shabaha, kwa sababu mikoko iliwakinga Wajerumani. Macho yao yalikuwa ile ndege. Ikapigwa, injini ikazima. Huku wanashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa simu ya upepo mpaka walipoangukia mtoni na kuokolewa na watu wa Mersey. Siku hiyohiyo Wajerumani waliiharibu meli yao wenyewe ili isitekwe, kisha wakaing'oa mizinga yake na kuendelea kupigana nayo nchi kavu.

Haya yalitokea kwetu. Lakini anayetaka kusoma taarifa za vikosi vya ndege vya wakati ule lazima afike kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, na hata akifika kazi ndiyo kwanza inaanza. Ndege za Mafia zilikuwa za jeshi la majini. Kikosi cha 26, kilichoruka kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta, mwaka 1916, kilikuwa cha jeshi la nchi kavu. Matawi hayo mawili ya anga yaliunganishwa tarehe 1 Aprili 1918 kuwa RAF, na karatasi zikagawanyika: nyingine zimebaki na za majini, nyingine na za Wizara ya Vita, nyingine katika mfululizo wa AIR 1 uliokusanywa na waandishi wa historia rasmi ya vita vya anga. Safari moja ya ndege yaweza kuwa na taarifa katika sehemu tatu, na hakuna inayoitaja mwenzake. Tena Waingereza wa wakati ule waliandika mara nyingi "Rufigi", kwa hiyo anayetafuta kwa tahajia yetu hupitwa na majalada bila kujua.

Upande wa Wajerumani ni mgumu zaidi. Kumbukumbu nyingi za jeshi lao la nchi kavu ziliteketea Potsdam Aprili 1945, kwa mabomu ya ndege za Uingereza. Za jeshi la majini zilinusurika, na leo ziko Freiburg, nyingi kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wanajifunza upya kuusoma. Ndege za Ubelgiji zilizoishambulia Kigoma mwaka 1916 kutokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nazo zina njia yake, inayoelekea Brussels.

Wenzetu wa Ulaya wamepunguza ugumu huu kwa kujiunga. Chama cha Air-Britain kipo tangu 1948, na Cross & Cockade ya Uingereza, inayoshughulikia Vita vya Kwanza vya Dunia, tangu 1970. Ni watu wa kawaida wanaonakili madaftari ya safari za ndege, ukurasa kwa ukurasa, na kupeana. Nawaheshimu sana, na bila wao tusingejua nusu ya haya. Hata hivyo wanatafuta cha kwao: aina ya ndege, namba yake, rubani alizikwa wapi. Kiwanja cha Mafia hakikujifyeka. Kuna watu waliong'oa visiki, waliobeba petroli na masanduku kutoka ufukweni, na simulizi za ndege hizo zinawapita kana kwamba hawakuwepo. Mwaka 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama orodha za malipo za vibarua wa Mafia zipo mahali fulani, atakayezitambua ni msomaji anayejua majina ya Kilindoni na Chole. Msomaji huyo hana nauli ya London.

Ndiyo maana tunakuomba Idara iingie makubaliano na hifadhi za Kew, Freiburg na Brussels, tupate nakala za kidijitali za majalada yanayohusu vita vya angani katika ardhi yetu, na ziwekewe mwongozo wa Kiswahili. Sisi tuko tayari kusaidia kuzipanga bila malipo.

La pili ni la hapa nyumbani, na ndilo linaloninyima usingizi. Katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ndege za Uganda zilishambulia ardhi yetu na ndege zetu zilipigana. Vijana waliorusha ndege hizo, mafundi waliozitengeneza usiku na wapiga mizinga waliolinda anga sasa wako katika miaka ya sabini na zaidi. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida wa kumbukumbu kufunguliwa kwa umma. Tangu vita viishe imepita zaidi ya miaka 45. Tunaelewa kwamba yapo mambo ya ulinzi yasiyofunguliwa, na hatuyaombi. Lakini daftari la safari za ndege iliyokwisha kuondolewa kazini, au orodha ya mafundi wa zamu, lina siri gani leo?

Mwandishi akiomba karatasi za namna hiyo huzungushwa: ofisi hii humwambia aende ile, na ile humrudisha alikotoka. Hapewi jibu la kukataliwa kwa maandishi ambalo angeweza kulikatia rufaa. Wewe una mamlaka ya kuiomba Wizara ya Ulinzi iunde pamoja nawe timu ya kuyapitia majalada ya Kagera, ikianza na ya anga kwa kuwa ni machache, na ieleze wazi lipi linafunguliwa, lipi linabaki na kwa muda gani. Wakati huohuo wazee warekodiwe, kwa idhini ya jeshi lao, wakiwa bado wanaweza kuutazama ukurasa na kusema huu mwandiko ni wa nani.

Hilo la wazee lianze mwaka huu, Ndugu Mkurugenzi, hata kama makubaliano na Ulaya yatachelewa.

Wako katika ujenzi wa Taifa.