WOGA WA KUSEMA: TUSIWACHEKE WENZETU

Kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi, na leo nalitoa hapa jaridani.

Kila siku ya mjadala, idadi ya wagonjwa shuleni hupanda. Huyu kichwa, yule tumbo, mwingine jino. Kesho yake wote wamepona, wako uwanjani wanapiga mpira! Watu husema ni uvivu. Mimi nakataa. Wengi wao wanaogopa, na si mada wanayoiogopa bali macho ya watu.

Hapa kwetu Kericho na Bomet woga huu una chanzo kimoja tunachokijua sote. Kikipsigis hakitenganishi b na p, d na t, wala g na k jinsi Kiswahili kinavyofanya. Basi mwenzetu anasimama aseme "baba", linatoka "papa", na darasa zima linaangua kicheko, ati kazaliwa na samaki. Anaketi. Muhula mzima hutamsikia tena. Waliokulia katika mashamba makubwa ya chai, ambako jirani ni Mkisii, Mjaluo au Mluhya, wamekisema Kiswahili tangu utotoni, na (samahani) ndio wanaocheka zaidi. Wanadhani ni akili, kumbe ni ujirani tu!

Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani, Lazarus na Folkman, waliandika kwamba mtu akibanwa hulikabili tatizo lenyewe au hutafuta kutuliza moyo. Kutuliza moyo si kubaya. Lakini anayejituliza kwa kukimbia hupata nafuu ya siku moja tu. Asiposimama leo, moyo wake hujifunza kwamba kweli palikuwa na hatari, na mjadala ujao anaogopa maradufu. Wala kumsukuma ghafla mbele ya paredi nzima si dawa. Huko ni kumtupa mtoni asiyejua kuogelea. Aanze na watu wawili, kisha watano, kisha darasa.

Tusichanganye mambo, lakini. Si kila mnyamavu ni mgonjwa. Wengine wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na hiyo ni heshima.

Ustahimilivu nao watu husema mtu huzaliwa nao. Sikubali. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakati huo kisiwa cha mashamba ya miwa na mananasi kama sisi na chai yetu, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya waliokulia katika dhiki kubwa, theluthi moja hivi waliibuka watu imara. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewaamini.

Na hapa Kenya je? Kuna mpango uitwao Shamiri (neno letu hilo!), ambapo vijana waliomaliza shule juzijuzi huongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, saa moja kwa wiki, kwa wiki 4. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha wasiwasi na huzuni vikipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Si madaktari hao, ni vijana kama sisi.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kitenge dakika 15 za kwanza za kila mkutano kwa vikundi vya watu wanne, kila mmoja aseme dakika mbili, bila maksi na bila kicheko. Atakayecheka apewe zamu ya kusema kwa Kikipsigis, tumsikie. Bwana Katibu, tafadhali liweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao.