Mfupa Usiojulikana Ulikotoka

Yapata mwaka 1838, vibarua waliokuwa wakichimba udongo wa kurutubishia mashamba katika milki ya John Hopkins, huko Haddonfield, jimbo la New Jersey, Marekani, walifukua mifupa mikubwa ya ajabu. Naye Hopkins, kwa ukarimu wake, akawa kila ajapo mgeni humwachia achukue pingili ya uti wa mgongo kuwa tunu, hata mwisho asibaki na hata moja, wala asijue ni nani aliyechukua nini.

Mwaka 1858 jirani yake, William Parker Foulke, alipozipata habari hizo, alilitafuta chimbo lile, akalichimbua tena, akapata mifupa mingine pamoja na meno. Mtaalamu Joseph Leidy wa Philadelphia, kwa kulinganisha miguu mirefu ya nyuma na mifupi ya mbele, akahukumu kwamba mnyama huyu, mla majani aliyeishi takriban miaka milioni 80 iliyopita, aliweza kusimama kwa miwili. Akamwita Hadrosaurus foulkii. Mwaka 1868 kiunzi chake kilisimamishwa hadharani mjini humo, cha kwanza cha dinosaria duniani, ila kichwa kilikuwa cha kubuni, maana fuvu halijapatikana hadi leo. Basi yeye aliyeupa jina ukoo mzima wa dinosaria wenye midomo ya bata, mdomo wake mwenyewe haujaonwa na mtu.

Huko Alberta, Kanada, ambako mifupa ya ukoo huu ni mingi, sheria imevifanya visukuku kuwa mali ya dola, na hapana ruhusa ya kuchimba pasipo kibali. Wako wanaonung'unika kwamba masharti haya yawanyima raia wa kawaida ladha ya kukusanya. Mimi siafikiani nao. Foulke hakuwa mtaalamu wa mifupa, alikuwa mwanasheria. Kilichomtenga na wageni wa Hopkins si elimu bali adabu, kwa kuwa wao walichukua wakanyamaza, na yeye alichimba akawaita wajuzi.

Mfupa uliong'olewa pasipo kuandikwa ulikotoka ni shahidi aliyepoteza kauli. Kwa hiyo, ewe msomaji, ukijaaliwa kuuona mwambani, uache ulale ulivyo, uandike mahali ulipo, ukawaite wanaoujua.